Ni vumbi au ni chavua? Maswali ya wasomaji wa Kanda ya Kati

SWALI: Kila mwaka mahindi yakishatoa mbelewele, kwangu ni chafya mfululizo, macho yanawasha, puani maji tu. Majirani wanasema ni vumbi la Dodoma. Lakini Agosti, upepo ukivuma hadi ng'ambo ya barabara haionekani, mimi mzima. Hii ni nini? — Mkulima, Kongwa

Nusu ya jibu umeshalitoa mwenyewe. Vumbi la kwetu lina msimu wake, Juni hadi Oktoba, ardhi ikiwa kavu na upepo wa kusini-mashariki ukipiga. Wewe unaugua Machi na Aprili, ardhi ingali na unyevu. Huo ndio wakati nyasi zinachanua, na nyasi huchavushwa na upepo. Chavua ni unga wa kiume wa ua. Tikisa mbelewele za mahindi saa tatu asubuhi juu ya kitambaa cheusi, utauona ukidondoka, wa njano.

Ila usiyabebeshe mahindi lawama zote. Punje ya chavua ya mahindi ni kubwa, inakaribia sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo nyingi huangukia humohumo shambani. Ukipita katikati ya mistari utaipata usoni. Ukiwa mbali, si sana. Nyasi za malisho ndizo wachokozi hasa: chavua yake ni kama theluthi ya hiyo kwa upana, nyepesi, na inasafiri kilomita nyingi. Alizeti, ambayo watu huishuku kwa sababu ya rangi yake, chavua yake inanata na kusubiri nyuki. Humsumbua zaidi anayeshinda kati ya maua yenyewe.

Hiyo ndiyo aleji: kinga ya mwili inaichukulia protini ya chavua kama adui. Seli za puani na machoni humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa inavuja maji, ngozi laini inavimba. Ndiyo maana makamasi ya aleji ni mepesi kama maji, macho yanawasha, na homa hakuna. Ukiona homa, au makamasi mazito na uso unauma upande mmoja, hiyo ni habari nyingine.

Chukua daftari, andika siku 30: upepo ulikuwaje, mvua ilinyesha au la, ulikuwa wapi, pua ilifanya nini. Daktari ataipenda karatasi hiyo kuliko maelezo ya nusu saa. Kazi za shambani zipeleke siku inayofuata mvua tulivu, maana mvua ya namna hiyo huosha hewa. Nguo usizianike nje asubuhi yenye upepo, na oga kichwa kabla ya kulala; chavua iliyokaa kwenye nywele huhamia kwenye mto wa kulalia.

Pua ioshe jioni: kikombe kimoja cha maji (mililita 250) yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Inamia sinki, pitisha tundu moja yatokee jingine, huku ukipumua kwa mdomo. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyatumie puani.

SWALI: Mwanangu ana miaka saba, ana pumu. Mvua ya radi ikikaribia, kabla hata tone halijaanguka, kifua kinambana. Tuna pampu ya bluu lakini naona haimsaidii. — Mama, Nkuhungu

Mama, unachokiona kinajulikana. Punje nzima ya chavua ya nyasi haifiki ndani ya mapafu. Pua na koo huinasa. Lakini ikilowa kwa unyevu wa wingu hupasuka na kutoa vipande vidogo sana, na hivyo hupita hadi kwenye mirija myembamba. Upepo unaotangulia radi huvikusanya na kuvishusha usawa wa pua. Melbourne, Australia, jioni ya tarehe 21 Novemba 2016, maelfu walikimbilia hospitali kwa sababu hiyo na watu kumi walifariki. Baadhi yao hawakuwahi kuambiwa wana pumu, walikuwa na mafua ya aleji tu. Kwa hiyo wingu likijikusanya na upepo ukageuka baridi ghafla, mtoto aingie ndani, madirisha yafungwe mpaka mvua itulie.

Sasa pampu. Mara nyingi dawa si mbovu, ila inaishia kooni. Mtoto hawezi kuoanisha kubonyeza na kuvuta. Kama kifaa cha kuvutia dawa (kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo) hakipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo vizuri:

Chora mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, toboa kwa waya wa moto, tundu liwe dogo kidogo kuliko mchoro ili pampu iingie kwa kubana. Ikibaki nafasi, ziba kwa gundi ya karatasi. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, usisuuze wala kufuta, acha ijikaukie yenyewe. Utando wa sabuni huzuia dawa isigande kwenye plastiki. Tikisa pampu, ichomeke, mtoto abane midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara MOJA, apumue taratibu mara nne. Tikisa tena, rudia. Kosa la wengi ni kubonyeza mara mbili kwa pamoja: matone yanagongana, dawa inabaki ukutani mwa chupa.

Akibanwa: mketishe wima, mbonyezo nne kwa mtindo huo, subiri dakika nne, kisha nne nyingine. Asipopata nafuu, hospitali, na njiani uendelee kumpa. Usisubiri lolote kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au midomo inageuka rangi.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo kubwa: pampu ya bluu hufungua mirija, haitibu uvimbe wake. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, muulize daktari kuhusu pampu ya kuzuia, ile ya kila siku. Hiyo wazazi wengi huiacha kwa kuwa haileti nafuu papo hapo.

SWALI: Ni kweli asali mbichi ya Manyoni inaponya aleji ya chavua? — Msomaji, Singida

Hapana. Nyuki hukusanya chavua nzito inayonata. Inayokusumbua ni ya nyasi, inayopeperushwa. Asali kula kwa utamu wake, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asionjeshwe kabisa.

SWALI: Naendesha bodaboda mjini. Nameza piritoni kila siku kwa mafua, na kikohozi kina wiki ya tatu. — Kijana, Makole

Piritoni inasinzisha, na wewe unabeba abiria. Muulize mfamasia setirizini ya miligramu 10, kimoja kwa siku. Umeze usiku, maana nayo huwasinzisha baadhi ya watu. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, ukizidisha pua huziba upya kwa ajili ya dawa yenyewe.

Lakini kikohozi cha wiki mbili au zaidi hakibahatishwi. Kabla ya kununua dawa nyingine ya aleji, peleka makohozi kituo cha afya wapime kifua kikuu. Kipimo ni bure.