Kujua kijito kizima au kimeharibika

Dadangu, unauliza hicho kijito nyuma ya shamba lenu Mwakirunge ni kizima kweli ama ni maji tu kuonekana meupe. Rangi achana nayo, tafuta wadudu. Shika chujio la chai upande maji yanakoelekea, sugua mawe ya chini na mkono, mwaga kwa beseni jeupe utulie kidogo. Ukiona vidudu bapa wana mikia mitatu kama nyuzi na mbavuni wanapepea pepea, alhamdulillahi, hao uchafu hawauwezi. Minyoo myekundu tupu, oksijeni imepungua, angalia kama kuna choo kinavujia. Lakini pimia juu ambako bamvua, yaani bahari ikijaa sana, haifiki, maana chumvi peke yake yawafukuza hao vidudu bapa. Na kunywa, chemsha tu, viini vya kipindupindu havionekani kwa beseni.