Dada wa Baiskeli Anajibu: Laki Nane za Nini?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita. Kila nikipata nafasi natoka na baiskeli ya mtumba aliyoninunulia mjomba, napita Himo na kupanda hadi Marangu Mtoni. Wavulana wa mtaani wananiacha kwenye tambarare, ila mlimani hawanioni. Tangu niangalie mashindano ya dunia ya Kigali, ndoto yangu ni kulipwa Ulaya. Kuna mtu mtandaoni anataka laki nane anitafutie timu, na mama yuko tayari kuuza mbuzi. Tumlipe?
*Binti wa Kiboriloni, Moshi*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mbuzi wabaki bandani. Timu ya kweli haimtozi mwendeshaji kiingilio. Inaangalia matokeo ya mbio, na mbio za kimataifa zinataka leseni ambayo kwetu inapitia Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA. Huyo wa laki nane muulize atakuandikisha mbio gani, kwa leseni ipi. Nahisi simu itakatika.

Sasa tuzungumze hasa. Hapo uliposema wavulana wanakuacha kwenye tambarare ndipo nilipotulia. Miguu unayo. Usichonacho ni kundi. Kwenye tambarare aliye mbele anakata upepo, aliyemganda nyuma anajipumzisha, na wewe nadhani unaendesha pembeni peke yako kwa kuogopa kugusana. Mbio za wanawake Kigali 2025 zilikuwa kilomita 164.6, kuna kilima cha Kimihurura, barabara ya mawe, na ukifika chini yake ukiwa mtu wa mwisho unapanda huku unawapita waliochoka badala ya kuwafuata wanaoshinda. Omba kutoka na hao wavulana. Tairi lako la mbele likae karibu na la nyuma la mwenzako, macho yaangalie mabega yake, si tairi, na usiguse breki ghafla. Watakucheka wiki ya kwanza. Ila fanyeni hivyo mapema asubuhi, kabla malori ya Holili hayajajaa barabarani.

Umri usikutishe. Kigali ndiko wanawake wa chini ya miaka 23 walikopewa mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia, na wewe umo. Halafu mtazame Kimberley Le Court wa Mauritius: alionja Ulaya akiwa mdogo, akarudi Afrika kwenye baiskeli za milimani, akashinda Cape Epic 2023, mbio za baiskeli za milimani za Afrika Kusini, ndipo 2024 akaingia timu kubwa akikaribia miaka 28. Mwaka uliofuata alishinda Liège–Bastogne–Liège, mbio kubwa ya siku moja huko Ubelgiji, na akavaa jezi ya njano, ya anayeongoza, ya Tour de France ya wanawake, Mwafrika wa kwanza kuivaa.

Pesa? Timu za daraja la juu zina kima cha chini cha mshahara: euro 15,000 kwa mwaka ilipokuwa 2020, euro 32,102 ilipofika 2023. Daraja la chini, la Continental, halina kima hicho, na wapo wanaoendesha huko bila mshahara. Kwa hiyo nafasi ya chuo usiiachie.

Jambo moja la kike, kwa sababu makocha wengi wanaume hawalisemi: hedhi ikikatika kwa mazoezi, usijisifu kuwa umekuwa mwanamichezo. Mwili unanyimwa chakula, na mifupa ndiyo inayolipa. Kula mtori kabla ya kutoka, beba ndizi mbivu mfukoni, na ikipita miezi bila kuona siku zako nenda hospitali.

Na hiyo cheni ya mtumba? Kwa mlima ule lazima imetanuka. Ukifika Arusha nipitie kibandani Kaloleni niipime, kabla haijakula meno ya gia.