Kabla ya Lebo, Jua Kubadilisha Zipu

Vijana wanaotaka kuingia kwenye mitindo endelevu huniuliza kuhusu kuanzisha lebo yao: nembo, picha na maonyesho. Mimi huwauliza kama wanajua kubadilisha zipu.

Sitanii. Nairobi haina upungufu wa nguo. Nenda soko la Gikomba beli za mitumba zikifunguliwa: waliodamka wanabeba kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na jioni yanabaki mabaki ya bei ya kutupa, mengine yakiishia jaa la taka la Dandora. Kuongeza rundo lako jipya juu ya hayo, hata likiitwa endelevu, sioni maana. Kinachotafutwa ni mikono ya kuzirudisha nguo zivalike, na watu hulipia: koti linalopwaya mabegani, suruali iliyoliwa mapajani, suti ya marehemu baba ambayo kijana anataka imkae.

Marekebisho ndiyo shule yenyewe. Ukifumua koti zuri la sufu, utakuta mshono umebakishiwa kitambaa cha kupanulia. Ukifumua blauzi ya bei rahisi, utakuta kimekatwa hadi kwenye ovaloki, ule mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, huna pa kushika. Vitambaa navyo vijue, maana lebo nyingi za ndani ya mtumba, zinazotaja kitambaa, zimekatwa. Chomoa nyuzi chache kwenye upindo, uzichome pembeni. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua, majivu yake laini. Poliesta huyeyuka, na ikipoa huacha kishanga kigumu.

Sasa pesa. Mtumba ni rahisi; muda ndio ghali. Jaketi la vipande vya jinzi kuukuu lina kufumua, kufua, kupiga pasi na kupanga rangi, yote kabla ya kugusa cherehani. Saa hizo zitie kwenye bei. Mteja akikwambia Gikomba angelipata kwa mia mbili, mtakie safari njema. (Wengine hurudi.)

Ukianza kumpa kazi fundi wa Uhuru Market, kaa naye mpige hesabu ya malipo yake kwa kila kipande kabla hujampa mteja bei, si baada. Jengo la Rana Plaza lilipoanguka karibu na Dhaka mwaka 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao washonaji wa nguo za bei rahisi. Huwezi kuwataja hao kwenye ukurasa wako huku fundi wako akidai nauli.

Lebo yako isubiri. Nunua daftari, andika vipimo vya kila mteja na ulichomrekebishia. Akirudi na nguo ya pili, ya tatu, hapo mzungumzie kumshonea mpya.