Jikoni na Shangazi: Soseji zimeungua, viazi vibichi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Mwanga, Kigoma. Kaka yangu aliniletea oveni ndogo ya mezani kutoka Dar es Salaam. Nikasikia watu hupanga soseji na mboga kwenye trei moja, wanaingiza, na chakula cha usiku kimekwisha. Nimejaribu mara mbili. Soseji zinaungua, viazi vinagoma, bilinganya inaogelea kwenye maji. Mume wangu ameniambia nirudi kwenye migebuka yangu, samaki wa ziwani kwetu. Nakosea wapi? Na mawese yanafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Migebuka utairudia tu, haikimbii. Ila hili kosa lako nalijua, maana na mimi nimelifanya, tena mbele ya wakwe. Ilikuwa Idi pili, wageni wanane, trei moja. Nikajaza mboga mpaka juu, soseji nikazizika katikati. Baada ya saa nzima bi mkwe akachovya kijiko, akaonja, akauliza kwa upole: "Huu mchuzi wa nini?" Sikumjibu. Niliinuka kwenda kuinjika wali.

Mboga zina maji mengi. Ukizirundika, yale maji hayana pa kutokea, zinachemshana zenyewe kwa zenyewe. Ukizitandaza safu moja, kipande na kipande kidole kikipita, maji yanakauka na kingo zinaanza kupata rangi ya kahawia. Utamu wote uko kwenye hizo kingo. Trei ya oveni ya mezani ni ndogo, kwa hiyo kubali kupika mikupuo miwili.

Pili, umeingiza vyote kwa wakati mmoja. Kiazi na soseji haviivi pamoja, hata ukiviombea. Kwa watu wanne chukua viazi mviringo vitano na karoti tatu. Viazi vikate vipande vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti kilichokatwa nusu, karoti ndogo zaidi kwa sababu ni ngumu. Vifute kwa kitambaa vikauke, vipake mafuta vijiko viwili vya mezani, chumvi, pilipili manga. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200 kabla hujaingiza kitu. Viazi na karoti vikae peke yao dakika 20. Ndipo utoe trei, ugeuze, uongeze vitunguu maji viwili vilivyokatwa vinne vinne, hoho mbili, bilinganya moja na soseji nane. Dakika 20 hadi 25 nyingine, ukigeuza mara moja katikati. Nyanya chungu nazo ni nzuri humu kuliko watu wanavyodhani, zikatwe nusu, upande uliokatwa uguse trei. Nyanya za kawaida usiweke, utarudi kwenye mchuzi wangu wa Idi. Kitunguu saumu kisubiri dakika tano za mwisho, kikiungua kinakuwa kichungu.

Sasa soma pakiti ya soseji. Kuna zilizoiva kiwandani, hizo zinataka kupata moto na rangi tu, ziingize dakika 15 za mwisho tu, ndiyo maana zako zimekuwa mkaa. Kuna mbichi, hizo lazima ziive mpaka ndani: kata moja katikati, ukiona nyama bado laini kama uji, ina rangi ya waridi, rudisha. Na zilizoganda ziyeyuke kwanza ndani ya friji, si kwenye beseni juani. Umeme ukikatika siku nzima na soseji zimepoteza ubaridi, zitupe. Inauma, najua bei yake.

Mawese yanafaa, na mtu wa Kigoma akikuuliza mafuta gani tena, utamjibu nini? Ila yapake kwenye viazi na bilinganya tu. Soseji ina mafuta yake, halafu mawese yanapaka kila kitu wekundu, jicho lako linashindwa kujua kipi kimeiva. Kula kikiwa cha moto, kikipoa yanaganda mdomoni.

Umeme ukizima katikati ya mapishi, usilie. Washa jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga kidogo chini, trei ndogo juu ya mchanga, funika, palia makaa juu ya mfuniko kama unavyopalia wali. Moto mwingi uwe juu, wa chini kidogo tu. Soseji hazitapata rangi nzuri sana. Zitaliwa.

SWALI: Shangazi, niko Tabora, asali hapa hainipi shida. Naweza kuipaka kwenye soseji?

JIBU: Ipake, lakini dakika tano za mwisho. Asali ni sukari, ukiipaka mwanzo inaungua kabla kiazi hakijajua kama kimeingizwa motoni. Kijiko kimoja cha asali na maji ya nusu ndimu, changanya, paka kwa kijiko, rudisha oveni. Na trei iloweke kwenye maji ya moto mara tu ukishapakua. Mimi niliilaza hivyo hivyo usiku mmoja, asubuhi nikaisugua kwa mchanga na majivu mpaka mkono ukafa ganzi.