Kabla ya kushika ufagio, tafuta kazi imekwama wapi

Dada, umeuliza kama wewe ni mvivu kwa sababu nguo zilizofuliwa zimelundikana kwenye kochi, stoo haiingiliki na tanki la maji halijaoshwa tangu mhamie. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, akarudi usiku na bado akapika, mimi simwiti mvivu. Nimeishi na viporo kama hivyo hapa Dar es Salaam, na nilichokiona ni kwamba kazi inayosogezwa kila Jumamosi huwa imekwama kwenye jambo moja ambalo hakuna anayelitaja.

Chukua tanki. Letu ni la lita 1,000, liko juu ya mnara nyuma ya nyumba. Kila siku ya kuliosha ikifika, limejaa. Nani atamwaga maji yote hayo na bomba lenyewe linatoka kwa mgawo? Basi linaachwa. Nilipotambua kwamba kikwazo ni maji, nikaanza katikati ya wiki: nikafunga koki ya kuingizia, tukatumia yaliyomo mpaka yakabaki ya chini kabisa, na Ijumaa usiku tukayakinga kwenye ndoo na madumu ya kupikia na ya chooni. Jumamosi kijana wangu akashika ngazi, nami nikasugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu na maji yenye jiki kidogo. Usiingie mwili mzima, hewa ya mle ndani si nzuri. Tope la chini tukalitoa kwa kopo na tambara, tukasuuza, kisha tukaacha maji mapya yapite kwenye mabomba mpaka harufu ikaisha. Adhuhuri ilitukuta tumeshamaliza.

Tanki lisiwe la mwisho kwenye orodha yako. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji yaliyotuama, hata yawe masafi, na kwa joto letu yai huwa mbu kamili kwa wiki moja au siku chache zaidi. Mayai hunata kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji bila kusugua hakutoshi. Dar tuliugua sana dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kama mfuniko umepasuka, funga wavu huku ukitafuta mwingine.

Nguo zilikuwa na kikwazo chake. Kukunja si kazi, ila kabati lilijaa magauni na sare zilizokwisha kuwabana watoto, kwa hiyo hata nikikunja sina pa kuweka. Nilipozitoa na kumpelekea shangazi yao mwenye wadogo, kochi likapumua jioni hiyo hiyo.

Stoo ilinichosha kuliko vyote, na sababu ni kwamba nusu ya vitu si vyangu. Spea za pikipiki, ndoo za rangi, waya: ningetupa nini bila idhini? Nilimwomba baba watoto tuingie pamoja, yeye aamue, mimi nifagie. Hapa nasema kwa moyo wote: mwanamke asibebeshwe peke yake kazi ambayo maamuzi yake si yake. Kama mwenzio yupo, mpe siku aichague mwenyewe, na siku hiyo usianze bila yeye.

Jambo moja kwa sababu umetaja na choo: ukifika huko usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha kidogo tu. Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, kingine kingoje siku nyingine.