Roboti ya WhatsApp Haitoi Tiketi Upya

Swali: Ndugu mtaalamu, tunaendesha wakala wa safari wa mtandaoni Dar es Salaam. Wateja wanaokwama usiku wanalalamika kwamba hatupatikani. Tumeshauriwa kununua roboti ya WhatsApp inayojibu papo hapo saa 24. Je, itatosha?

Jibu: Haitatosha. Swali hili hunijia mara kwa mara, na karibu kila mara nyuma yake yupo mchuuzi wa programu aliyemwaminisha mwenye wakala kwamba dharura ni suala la kuchelewa kujibu.

Chukueni mama anayekwenda London kupitia Dubai, ambaye ndege yake ya kwanza imesogezwa mbele kiasi cha kutowahi ya pili. Shirika limekwisha kumpangia ndege nyingine kwenye bukingi, yaani kumbukumbu ya nafasi yake kwenye mfumo, lakini tiketi yenyewe inabaki na safari ya zamani mpaka mtu aikubali ratiba mpya na kuitoa tiketi upya. Isipofanyika hivyo, mhudumu wa kaunta anaweza kuliona jina lake kwenye orodha na bado akamkatalia, kwa kuwa tiketi na bukingi havioani. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mtu aliye macho, anayeruhusiwa kuingia kwenye mfumo wa tiketi na kulipa tofauti ya nauli hadi kiwango kilichokubaliwa bila kumwamsha mkurugenzi. Roboti itamjibu mama huyo kwamba ombi lake limepokelewa.

Wekeni kwanza zamu ya usiku yenye mamlaka hayo, na daftari la makabidhiano lenye namba ya bukingi, namba ya tiketi yenye tarakimu 13, na ahadi aliyopewa abiria, ili wa asubuhi asianze kumhoji upya. Roboti inaweza baadaye kuchambua foleni, ikimtanguliza aliyeko uwanjani, au mgonjwa anayekwenda India kutibiwa, mbele ya anayesafiri wiki ijayo.

Linaloniudhi zaidi ni mawakala wanaoandika simu ya ofisi kwenye bukingi badala ya ya abiria, wakihofia kunyang'anywa mteja. Taarifa ya shirika huingia saa nane usiku katika ofisi iliyofungwa. Azimio 830d la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, linamtaka wakala amwombe abiria mawasiliano yake, na akiridhia ayaweke kwenye bukingi. Wengi hawaulizi kabisa.

Na mawakala wadogo wanaokatiwa tiketi na wakala mkubwa wajue kwamba mara nyingi hawawezi kuigusa tiketi hiyo wenyewe. Dubai ilipofurika tarehe 16 Aprili 2024, na kesho yake shirika la Emirates likasitisha kupokea abiria wanaoanzia safari hapo, siku ya namna hiyo haikuwa ya kuanza kutafuta simu ya usiku ya wakala huyo. Kabla ya kumlipa mchuuzi hata shilingi moja, pigeni namba yenu ya dharura saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, muone ni nani anapokea na kama anaweza kuifungua bukingi mtakayomtajia.