Lombroso na sura ya mhalifu
Je, Cesare Lombroso alithibitisha kwamba mhalifu hutambulika kwa sura? Hapana; alidai hivyo tu, na dai lenyewe likavunjwa na vipimo. Daktari huyo wa Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1876, alishikilia kwamba baadhi ya watu huzaliwa wahalifu kwa kurudia maumbile ya mababu wa kale, na kwamba hujulikana kwa taya kubwa, masikio yaliyochomoza na mikono mirefu kupita kiasi. Wazo hilo, kwa kusimulia kwake, lilimjia alipolichunguza fuvu la mfungwa mmoja wa Calabria, kusini mwa Italia, alilolikuta na kishimo kidogo upande wa kisogoni, mahali ambapo kwa kawaida huwa na ukingo wa mfupa. Lakini hakuwalinganisha ipasavyo wafungwa na watu wengine. Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, alipowapima wafungwa wapatao 3,000 na kuchapisha matokeo mwaka 1913, hakuona umbo linalomtenga mhalifu, ingawa naye aliamini kwamba upungufu wa akili wa kurithi huchangia uhalifu, kwa hiyo asichukuliwe kuwa aliipinga nadharia ya urithi yote.